Kengele Niliyoitambua

Talaso binti yangu,

Asalaam aleikum, na amani ya nyumba hii iende nawe. Mambo ya blanketi, mafuta ya kichwa na nani wa kukaa naye kwenye lori, mama yako ameshayasema mara tatu tangu asubuhi, na kabla ya magharibi atayasema mara nyingine tatu, kwa hiyo mimi sitayagusa. Naandika alasiri hii nikiwa karakana. Mlango nimeufunga kwa ndani, na juu ya benchi nimeweka mguu wa kiti na randa ili mtu akigonga anikute nafanya kazi. Unamwona baba yako alivyo. Mtu mzima mwenye mvi, anajificha nyumbani kwake mwenyewe ili amwandikie bintiye barua.

Ninaogopa, Talaso. Afadhali niseme mapema kabla mkono haujaanza kuzungukazunguka. Siku hizi Isiolo nzima inaogopa, na unaweza kudhani naogopa yale yale ya kila mtu: mabomu yanayotegwa barabarani, vijana walio porini wakipigana na serikali, askari wanaowatafuta vijana hao na kutukuta sisi. Hayo nayaogopa pia, sitakudanganya. Lakini kinachonikosesha raha tangu Jumatatu ni daftari lako la picha.

Nililifungua, nisamehe. Nilikuwa nakaza bawaba za sanduku lako, nikainua nguo ili zisiingiwe na vumbi la mbao, nikaliona. Nilijua unachora. Nani hajui? Mwalimu wako Kananu ameimba habari hiyo mpaka chuo cha ualimu kikakupa nafasi. Lakini mimi nilikuwa nimeona mbuzi na birika tu, vitu vya kuonyesha wageni. Sikujua kwamba unachora watu.

Nilikaa juu ya vumbi la mbao nikafungua ukurasa baada ya ukurasa. Nilimwona yule bibi wa jirani kwenye foleni ya maji, ameshika kiuno, na nikajua kabisa anamlalamikia nani. Nilimwona askari amesinzia kwenye magunia ya mchanga mdomo wazi, kijana mdogo kabisa, hata ndevu hana. Niliwaona wanaume wanne waliokaa nje ya duka, na mmoja wao wewe na mimi tunajua alikwenda wapi mwezi uliofuata, na kwa nini mama yake siku hizi hasemi na mtu. Binti yangu, nilicheka peke yangu. Nilijisifu kana kwamba ni mimi niliyechora. Nikasema moyoni, huyu kweli ni damu yangu. Halafu nikafika kwenye ukurasa wenye uso wa abuya wako Huka, kaka wa mama yako, na kicheko kikaisha.

Kesho, mkiwa njiani kwenda chuoni, mtafika kwenye kizuizi cha askari, pale ambapo sisi husema mtu anaacha kwetu na kuingia Kenya. Mwalimu Kananu kila akisikia tukisema hivyo hucheka, anauliza, "Kwani hapa ni wapi?" Pale kizuizini kila mzigo hufunguliwa. Watakunjua nguo zako, watapekua vitabu, na mmoja wao atalishika daftari lile. Ataweka kidole juu ya uso mmoja aulize, "Huyu ni nani?"

Nawe utamjibu. Hilo ndilo ninaloliogopa. Si kwamba wewe ni mjinga, wala si kwamba una roho mbaya. Utamjibu kwa sababu umechora vizuri, na mtu aliyefanya kitu vizuri, akiulizwa juu yake, raha humpanda kabla akili haijafika. Utaanza kumweleza jinsi ulivyopata taabu na pua ile. Najua, kwa sababu mimi nilifanya hivyo hivyo, na abuya wako hajarudi.

Hayo ndiyo niliyokuja kuyaandika. Ningekuambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu ndio ulioharibu, na tangu siku ile siuamini kwa jambo lolote kubwa. Kalamu angalau huenda polepole.

Ngoja nianze na kengele, maana ulizaliwa ukazikuta ukadhani ni vitu vilivyoota tu hapa uani. Mimi nilifundishwa na baba yangu. Kengele ya ngamia huchongwa kwenye kipande kimoja cha mti mkavu. Unakitoboa ndani kwa patasi mpaka kibaki ganda, kisha unaning'iniza ndimi mbili za mbao, na mwisho unachora mistari ya nje kwa chuma cha moto. Hiyo mistari ndiyo watu wa mjini wanayoisifu, na haina kazi yoyote. Kazi iko kwenye ganda. Likiwa nene sauti inazama, likiwa jembamba inapanda, na ukikosea kwa unene wa ukucha umeharibu kazi ya siku tatu.

Mfugaji hakuwa akija kwangu kununua kengele. Alikuwa akija kueleza. Alikaa pale kwenye gogo, akanywa chai ya mama yako, akaniambia habari za ngamia wake: huyu anapenda kutangulia, huyu hupotelea kwenye miiba, malisho yetu yana vilima, jirani yangu ana kengele ya sauti hii na hii na sitaki mifugo yetu ichanganyike. Mimi nilisikiliza tu. Siku hiyo sikugusa hata patasi. Ndipo baadaye nilichonga, nikatikisa, nikapunguza, nikatikisa tena, mpaka nikapata sauti ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo kutoka hapa Chechelesi mpaka Korbesa. Ukitengeneza kitu namna hiyo, unakuwa umemtengeneza na mwenye kengele ndani yake. Hilo nilikuwa nikilijua kama sifa. Sikulijua kama hatari.

Na nilipenda sifa, Talaso. Hii ni aibu ndogo, lakini aibu kubwa imezaliwa hapo. Unakumbuka nilivyokuwa nikikaa mkahawani, mifugo ikipita kwenda mtoni, nami nimegeuza mgongo makusudi? "Hiyo ni ya Abdi. Hiyo ya pili ni ya yule mzee wa Leparua, na ulimi mmoja umelegea, mwambieni aulete." Watu walipiga makofi. Wageni waliletwa kuniona. Mama yako aliniambia siku moja, "Wewe hata kaburini utataka kujua ni nani anapita juu." Nilicheka sana. Nilidhani ananisifu.

Kisha haya mambo yakaanza. Sitakueleza vita, umeviona mwenyewe. Nakukumbusha tu jinsi mji ulivyobadilika sauti. Wafugaji walianza kujaza nyasi ndani ya kengele ili zisilie. Kazi yangu ya miaka yote ikapita mbele yangu imezibwa mdomo, na mimi, badala ya kuelewa, nikanuna. Niliona kama wananitukana. Watu wenye akili walikuwa wamejifunza kunyamaza hata kwa ngamia wao, na fundi wao alikuwa amekaa mkahawani akilalamika kwamba mji umekuwa kimya.

Na wanadamu nao walikuwa wamejifunza neno lao. Ukiulizwa lolote, sijui. Huyu ni nani? Sijui, afande. Hii njia inakwenda wapi? Sijui, afande, mimi mgeni. Watoto wa miaka mitano walilijua neno hilo. Wewe ulilijua. Nilikusikia siku moja ukiulizwa jina la mtaa wetu, ukasema hujui, nami nikakusifu mbele ya mama yako.

Basi lori moja likashambuliwa njia ya Garba Tula, na askari walipofuata nyayo wakaokota kengele. Kamba yake ilikuwa imekatwa kwa kisu. Walizunguka nayo siku mbili, visimani, sokoni, kwenye maduka. Kila mtu akasema hajui. Nina hakika wengine waliijua vizuri sana. Wafugaji hawasahau kengele ya mtu.

Siku ya tatu wakafika hapa karakana. Afisa mmoja, na askari wawili waliobaki mlangoni. Nakuapia hakuwa mkali. Alikuwa kijana wa bara, mpole, amechoka, viatu vimejaa vumbi. Aliniamkia, "Shikamoo mzee." Akaiweka kengele pale pale ninapoegemeza karatasi hii. Nilikuwa tayari na sijui yangu. Ilikuwa imefika kwenye ulimi.

Lakini hakuniuliza ni ya nani. Aliigeuzageuza, akaitikisa, ikatoa ile sauti yake nzito, akakunja uso. Akasema, "Fundi, hii kitu imeharibika. Angalia, ulimi moja ni fupi. Nani anaharibu mti namna hii?"

Mpaka leo sijui kama alinitega au alisema tu alichokiona. Nimelifikiria jambo hilo kwa zaidi ya mwaka mzima na nimeacha, kwa sababu halinisaidii. Najua nilichojibu. Nilisema, "Haijaharibika, afande. Ulimi huo nimeufupisha mimi mwenyewe."

Hapo bado ningeweza kuokoka. Ningesema ni ya zamani, niliuza sokoni, sikumbuki. Lakini nilikuwa nimeshaichukua mkononi. Nilimwonyesha jinsi ganda lilivyo nene upande wa nyuma. Nilimweleza kwamba mwenye kengele hii sikio lake la kushoto ni zito tangu utotoni, sauti nyembamba haisikii kabisa, ndiyo maana nikaifanya izame na ndimi zisigonge pamoja. Nilimwambia kwamba kazi hii ilinichukua mwezi mzima, na kwamba nilimfanyia shemeji yangu kama zawadi, na kwamba hakuna fundi mwingine upande huu wote anayeweza. Yule kijana alikuwa akitikisa kichwa kwa heshima. Akasema, "Kweli mzee, una akili." Nami nikafurahi.

Soma hapo mara mbili, binti yangu. Nikafurahi.

Kisha akatoa kijitabu mfukoni akauliza, taratibu kabisa, "Na huyu shemeji anaitwaje?"

Sikupigwa. Nataka ulijue hilo, kwa sababu watu wengi walipigwa wakanyamaza. Sikutishwa, sikuahidiwa kitu. Nilisema jina lake kwa sababu lilikuwa neno la mwisho la sentensi niliyokuwa nimeianza mwenyewe. Nilipolisikia likitoka ndipo nilipojua nimefanya nini. Nikaanza kusema kwamba Huka hana hatia, kwamba ngamia mwenye kengele hiyo alichukuliwa kwa nguvu na watu wa porini wiki tatu nyuma, kwamba yeye mwenyewe alikuja kwetu kulia juu ya ngamia huyo. Yote yalikuwa kweli. Afisa aliandika hayo pia, akafunga kijitabu, akanishukuru.

Walimchukua Huka kisimani karibu na Korbesa, siku mbili baadaye. Waliokuwapo walisema aliitwa kutoka nyuma, upande wa kushoto, akachelewa kugeuka kwa sababu hakusikia, wakadhani anataka kukimbia. Alitupwa kwenye lori akiwa hai. Baada ya hapo hakuna aliyemwona. Nimekwenda kuuliza kwenye kila mlango ninaoruhusiwa kuukaribia, na kila mlango una mtu anayesema sijui, na siwezi hata kumkasirikia.

Sasa ukae chini, kama hujakaa, kwa sababu hayo yalikuwa kosa, na yanayofuata ni dhambi.

Mji ulitaka kujua ni nani aliyemtaja Huka. Watu hawawezi kukaa na msiba usio na mtu wa kuubeba. Wakaangalia huku na huku, wakampata Kirimi, yule Mmeru aliyekuwa akiuza miraa karibu na msikiti. Kwa nini Kirimi? Kwa sababu askari walinunua miraa kwake. Kwa sababu ni Mkristo, kwao ni milimani, na akicheka hucheka kwa sauti. Hakuna aliyesema amemwona akisema lolote. Lilianza tu, kama harufu, na kila aliyelisikia alilipeleka mbele kidogo.

Wewe uliacha kumsalimia. Yule mtu aliyekupa penseli zako za kwanza, zile fupi za kuandikia hesabu zake, ulipita mbele yake ukageuza uso. Nilikuona. Nilikuwa nyuma yako hatua kumi. Ningekuita, ningekushika bega, ningesema neno moja. Nilikaza kamba ya kiatu.

Kirimi alikuja kuniaga. Alisimama hapo mlangoni na mzigo wake, akasema, "Fundi, mimi narudi kwetu. Watu hapa wananiangalia mbaya na mimi sijui nimekosa nini. Wewe peke yako umebaki kunisalimia, na Mungu akubariki." Nikampa mkono. Nikamwambia, "Nenda salama." Hayo ndiyo maneno niliyompa mtu aliyekuwa akibeba mzigo wangu juu ya wake.

Na nyumbani? Mama yako huswali, kisha hukaa pale mkekani akamwombea kaka yake arudi. Akimaliza hayo huomba jambo la pili. Unalijua, umelisikia mara nyingi. Huomba yule aliyemtaja Huka asipate raha ya macho wala ya usingizi, na watoto wake wasimzike. Nami nimekaa nyuma yake, Talaso, siku baada ya siku, na akimaliza mimi husema amin pamoja naye. Nimejiapiza mwenyewe zaidi ya mara mia, kwa sauti ya wazi, na chai nikapokea kwa mkono wake.

Unaweza kuniuliza mtu hukaaje na jambo kama hilo. Hukaa vizuri tu, hilo ndilo la kutisha. Unakula. Unatengeneza vitanda na madawati. Unamcheka jirani. Zamani nilidhani tabia ya mtu ni kitu kigumu cha ndani, kama mti wa katikati wa nyumba, na siku ya shida utaona kama umesimama au umeanguka. Sivyo nilivyoona. Nilianguka kwa jambo dogo nililokuwa nimelizoea kila siku mkahawani nikidhani ni mchezo. Siku ya shida haikuniletea tabia mpya. Ilinikuta na ile ile.

Kwa hiyo sikuambii uwe jasiri pale kizuizini. Sijui ujasiri unafundishwaje. Nakuambia ujue ni kitu gani unakipenda kusifiwa, na mtu akikigusa, funga mdomo kwanza, hata kama ni rafiki, hata kama ni Mwalimu Kananu. Wakisema picha ni mbaya, ziwe mbaya. Wakisema mkono wako ni wa mtoto, sema ndiyo afande, najifunza. Acha kazi yako itukanwe mbele ya macho yako na usiitetee. Kwa watu kama sisi hilo ni gumu kuliko kupigwa, na sitanii.

Jumatatu ile nilitaka kulichoma daftari. Kwani ulidhani ule moshi ulikuwa wa nini? Niliwasha moto wa kuyeyushia gundi, nikakaa nalo mapajani. Nilikuwa nimejipa sababu zote nzuri. Niliwaza juu ya wale wanne wa nje ya duka, juu ya mama yake yule kijana, juu yako ukishushwa kwenye lori. Kila uso uliouchora ni jina linalosubiri mtu wa kulisema. Ndivyo kazi nzuri ilivyo siku hizi hapa kwetu. Picha mbaya haimtambulishi mtu, na kengele mbaya haina mwenyewe.

Nikarudi kwenye ukurasa wa Huka. Umemchora ameinamisha kichwa kidogo upande wa kulia, akitanguliza sikio lake zima, kama alivyokuwa akifanya ukimwambia jambo, na ule mdomo wake wa kusubiri kucheka. Mimi nilikuwa nimesahau. Nimemjua mtu huyo miaka ishirini, nilimpima kwa sauti, nilimchongea kengele, na uso wake nilikuwa nimeshaupoteza. Hana picha ya kamera hata moja. Ile uliyoichora kwa penseli za Kirimi ndiyo iliyobaki duniani. Moto ukazimika wenyewe nikiwa namtazama.

Sikulichoma. Nimelirudisha pale pale nilipolikuta, na sitakuambia ulichukue au uliache, ingawa moyo wangu unapiga kelele uliache. Mimi si mtu wa kuamua juu ya kazi ya mtu mwingine tena. Ukilivusha, livushe ukijua limebeba nani na nani. Ombi langu ni moja tu, la ukurasa huo. Ukate, umwachie mama yako. Yeye hana cha kushika.

Na barua hii usivuke nayo. Ina majina.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, nikasoma yote tangu mwanzo, kama unavyofanya kazi kabla haijatoka mlangoni, na nikaona kasoro. Si ndogo. Nilikuwa nimepanga nikutilie barua mkononi kesho alfajiri, uisome kabla lori halijaja, uichome, uondoke. Nilijiona mwaminifu sana. Kumbe nilichokuwa nakifanya ni kukutwika wewe. Mama yako hajui kusoma, na Kiswahili hiki cha jeshini nilichofundishwa kuandikia hakipendi. Ungeondoka hapa ukijua jambo ambalo yeye halijui. Ungemkumbatia na siri yangu katikati. Ungekaa huko chuoni, kila barua unayomwandikia ungeipitia mara mbili kuangalia kama imevuja. Na barua hizo ningemsomea mimi. Ungejifunza kusema amin, Talaso, kama mimi, na ungekuwa hodari, maana unajifunza haraka.

Naogopa kuliko nilivyoogopa askari yeyote. Mama yako ni dada yake Huka. Walinyonya ziwa moja. Anaweza kunitoa nyumba hii na ndugu zake wote watasimama upande wake, na watakuwa na haki. Anaweza kunyamaza, na kunyamaza kwake sijui kama nitakuweza. Dua yake yote ya mwaka huu ilikuwa ikinitafuta mimi na mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake.

Namsikia hapo uani anapiga shuka zako vumbi. Nikimaliza mstari huu nitafungua mlango nimwite, nimkalishe kwenye gogo walipokuwa wakikaa wafugaji, nimsomee barua hii kwa Kiborana, neno kwa neno, na ile sehemu niliyofurahi sitairuka. Kisha nitaiweka mikononi mwake. Ni yeye atakayeamua ikufikie au iishie kwake.

Kwa hiyo kama unasoma haya, basi mama yako ameshayasikia yote na ndiye aliyekupa. Usinitafute kwanza mimi. Inua macho, umtazame yeye.

Baba yako